Kamalondo, mjini au Annexe: kwanza tuulize nani anatembea

Mdogo wangu anaoa mwezi wa nane. Wiki iliyopita alikuja kwangu na habari za nyumba tatu hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo. Ya kwanza ni vyumba viwili ndani ya lupango, uwanja mmoja wa nyumba nyingi, Kamalondo, choo cha pamoja, bomba moja uani. Ya pili ni chumba na sebule ghorofa ya pili mjini, juu ya duka la vitambaa, bei inatajwa kwa dola na haishuki. Ya tatu ni nyumba nzima Luwowoshi, upande wa Annexe, vyumba vitatu na nafasi ya kulima mboga, kodi sawasawa na ile ya vyumba viwili vya Kamalondo. "Yaya," akaniambia, maana mimi ni dada yake mkubwa, "hesabu si imejifanya yenyewe?"

Haijajifanya. Mimi nimekaa pande zote tatu: miaka sita Kamalondo, mwaka mmoja na nusu mjini, miaka minne Annexe, kisha nikarudi Kamalondo, na ndipo ninapoandikia haya. Maoni yangu ninayo na sitayaficha. Lakini kila upande nitausemea haki yake, kwa sababu Annexe nilipapenda kweli, na siku ya kuhama nililia.

Mji uliochorwa kwa ajili ya miguu

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, mwaka ambao reli ilifika hapa kutoka kusini, na mpaka 1966 iliitwa Élisabethville. Wabelgiji walichora mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, wakapanda miti kandokando. Ukisimama leo mbele ya Posta unaweza kufika kwa miguu benki, kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, Soko Mzee na stesheni, bila kutafuta gari lolote.

Waafrika waliofanya kazi ndani ya mji huo hawakuruhusiwa kulala humo. Waliwekwa ng'ambo ya ukanda ulioachwa wazi makusudi kati ya weupe na weusi, katika cité, mtaa wa Waafrika, iliyokuja kuitwa Albert, ambayo ndiyo Kamalondo ya leo. Kila alfajiri watu waliuvuka ukanda ule kwenda kazini, na jioni wakauvuka tena kurudi. Walitengwa, lakini walitengwa kwa umbali wa kutembea, maana boi na karani walitakiwa wawe wamefika kabla bwana hajanywa kahawa. Ukanda umeshajengwa siku nyingi. Umbali umebaki uleule, mfupi, na ndiyo maana Kamalondo, komini (wilaya ya mji) ndogo kuliko zote saba, iko jirani na mji kuliko cité nyingine yoyote. Kutoka mlangoni kwangu mpaka Soko Mzee ni dakika ishirini na tano kwa mwendo wangu. Kwa mwendo wa binti yangu akiwa amechelewa, kumi na nane.

Annexe ni jambo lingine. Komini hiyo imeuzunguka mji mzima kama mkanda: Luwowoshi, Kalebuka, Kasungami, Kisanga, Kasapa, Kimbembe, Naviundu na kwingineko. Huko hakuna aliyekaa chini kuchora. Watu walinunua viwanja, wakajenga, njia ikapita palipobaki. Barabara kubwa ina lami, lakini nyumba nyingi ziko ndani, kilomita moja au mbili kutoka lami hiyo, na kilomita hizo mbili ndizo nitakazozungumzia kuliko kitu kingine chochote.

Miezi mitano bila tone

Mtu anayetafuta nyumba Lubumbashi aitafute mara mbili, mara moja mwezi wa nane na mara moja mwezi wa kwanza. Akishindwa, basi aitafute mwezi wa nane.

Sisi hatuko jangwani. Tunapata mvua nyingi, kama milimita 1,200 kwa mwaka, lakini karibu yote inaanguka kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa unaweza usione hata tone. Upepo unatoka kusini mashariki, umekauka, na udongo wetu mwekundu unageuka unga. Ukisimama mwezi wa nane katikati ya njia ya Kalebuka lori likapita, utaelewa watu wa jangwani wanalalamikia nini. Vumbi halipiti na lori. Linabaki hewani, linashuka polepole, linaingia kwenye bukari (ugali), kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kifua cha mtoto.

Tena hali ya hewa inakuchanganya. Tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba unatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na koti zito, na saa saba mchana unalibeba mkononi. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijarudi, ndio joto lenyewe. Mwezi huo kila mtu anayetembea anatafuta kitu kimoja: kivuli.

Kivuli hakikugawanywa sawa. Mjini kuna ile mijakaranda ya zamani, ambayo mwezi wa tisa na wa kumi inafunika njia kwa maua ya zambarau, na unaweza kwenda mtaa mzima bila jua kukugusa kichwa. Kamalondo kivuli kiko ndani: karibu kila lupango lina mwembe au mparachichi wake, na barazani huwezi kukosa mahali pa kumkaribisha mgeni. Annexe miti ilikatwa zamani kwa ajili ya makala, yaani mkaa, kama misitu yote inayouzunguka mji huu, na kilichobaki ni vichuguu virefu vyekundu, ambavyo navyo watu wanavibomoa kufyatulia matofali. Mimi nilipofika kule nilipanda miembe mitatu. Nilipohama, mmoja tu ulikuwa umenizidi kimo.

Jiwe la penye lami

Nataka mumwone binti yangu jinsi alivyokuwa akienda masomo tulipokuwa Annexe. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alitoka saa kumi na moja na nusu, giza bado, miguuni kandambili, mkononi mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kulikuwa na viatu vyeusi, soksi nyeupe na kitambaa kilicholowa maji. Alitembea kilomita moja na nusu ya vumbi mpaka penye lami. Pale kuna jiwe kubwa, juu yake laini kabisa kwa sababu watu wengi hulikalia. Alikaa, akafuta vidole kimoja kimoja, akavaa soksi, akavaa viatu, akafunga kandambili ndani ya mfuko. Halafu akaanza kungoja basi. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu wanaongoja jiwe: karani mwenye tai, mama mwenye beseni la mikate, askari. Masika ikifika foleni ni ileile, ila kinachofutwa ni tope.

Hakulalamika hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuja kugundua, siku niliyokuta kwenye daftari lake ameandika nusu ya zoezi na nusu nyingine imekwisha kwa mstari unaoteremka mpaka chini ya ukurasa. Alikuwa amesinzia.

Sasa tufanye hesabu ambayo mdogo wangu hakuifanya. Tuseme nauli ya basi moja ni franka 1,000 (weka ya siku yako). Kutoka ndani ya Annexe mpaka mjini mara nyingi unapanda mara mbili: kwenda 2,000, kurudi 2,000. Watu watatu wa nyumba moja wanatumia 12,000 kwa siku. Siku 24 za mwezi, inakuwa 288,000. Hapo mtu hajapanda pikipiki ya manseba hata mara moja, na atapanda, kwa sababu kuna siku ya mvua, siku ya mzigo na siku ya kuchelewa. Ukiongeza fedha hizo juu ya kodi ya Luwowoshi, ile nyumba ya bei rahisi inakuwa imebadilika sura.

Na fedha ndiyo sehemu ndogo. Mimi nilitumia saa moja na nusu kwenda kufundisha na saa mbili kurudi, kwa sababu jioni mabasi hujaa na watu huyapigania. Saa tatu na nusu kwa siku, siku 24, ni saa 84 kila mwezi. Hizo ni siku tatu na nusu, mchana na usiku. Nilizimalizia nimesimama.

Annexe inavyokupa

Nimesema nitasema haki.

Kamalondo tulikuwa jamaa sita ndani ya lupango moja. Ukikaanga samaki, nyumba sita zinajua ni tomsoni au ni bitoyo. Choo kina zamu. Ukigombana na mume wako unagombana kwa kunong'ona. Mwenye lupango wangu wa kwanza alipandisha kodi katikati ya mwaka kwa sababu tu alituona tumenunua friji. Nilihama Kamalondo nikiwa nimechoka na macho ya watu, na usiku wa kwanza Annexe nilikaa nje peke yangu nikasikiliza kimya kama mtu anayekunywa maji.

Watoto wangu wawili wadogo walijifunza kuendesha baiskeli kule. Nyuma ya nyumba nilikuwa na sombe, lengalenga na viazi vitamu, na kuku kumi na wawili. Wageni wakija kutoka Likasi hawakulala sebuleni. Tulipofiwa na baba mkwe, tulisimamisha hema ndani ya uwanja wetu wenyewe na watu wakalala matanga siku zote bila kuomba ruhusa kwa mtu. Jambo hilo si dogo. Mjini, juu ya lile duka la vitambaa, matanga utayaweka wapi? Kwenye ngazi?

Na kuna watu ambao Annexe ndiyo karibu yao. Anayefanya kazi kwenye kampasi ya Kasapa, kwa nini akae Kamalondo? Anayefanya kazi upande wa uwanja wa ndege wa Luano, Luwowoshi inamfaa. Mama anayeuza unga na mafuta mbele ya nyumba yake, kazi yake ni hatua nne kutoka kitandani. Hao wote, ninachosema juu ya vumbi na jiwe la penye lami hakiwahusu sana. Swali si mji una katikati ngapi. Swali ni katikati ya maisha yako iko wapi.

Maji

Hapa hakuna mshindi, kuna shida mbili tofauti.

Kamalondo bomba lipo, lakini ni moja kwa watu wote wa lupango, na mara nyingi maji huja usiku. Nilijifunza kulala na sikio wazi: bomba likianza kukohoa saa nane usiku, unaamka, unapanga mabidoni yako. Mwisho wa mwezi inakuja karatasi ya kulipa na ugomvi wa kugawana. Mwenye watoto watano alipe sawa na mwenye mtoto mmoja? Kwetu tulimaliza ugomvi kwa kuhesabu vichwa, mtoto wa maziwa akahesabiwa nusu.

Annexe wengi wanategemea kisima au foraji (kisima cha kuchimbwa kwa mashine) ya jirani. Kisima ni chako, hugombani na mtu. Lakini mwezi wa tisa na wa kumi maji yanashuka chini, kamba inaongezwa, na kinachopanda ni tope jepesi. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji viwanja hawalitaji: kisima kinatakiwa kiwe mbali na choo, na wataalamu wa maji hupenda kutaja mita 30. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 hakina mita hizo ila kona kwa kona, na hata ukizipata kwako, choo cha jirani kiko nyuma ya ukuta. Kipindupindu kinaujua mji wetu vizuri. Ukipanga nyumba yenye kisima, simama juu ya kisima, tazama pande zote nne, uliza vyoo vya majirani viko wapi. Usione haya. Chemsha maji ya kunywa, ya bomba na ya kisima.

Upepo na bomba la moshi

Watu husema wanakwenda Annexe kutafuta hewa safi. Napenda waulize kwanza upepo unatoka wapi.

Kila mtu wa Lubumbashi analijua lile dohani refu la kiwanda cha shaba na ule mlima mweusi wa takataka za madini ulio pembeni yake. Kwa miaka mingi moshi wa kiwanda hicho ulisukumwa na upepo wa kusini mashariki kuelekea kaskazini magharibi, na udongo wa upande huo umebeba shaba na madini mengine mpaka leo. Kuna mahali majani yalikataa kuota. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga, na waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia walikuwa na kobalti na madini mengine mwilini zaidi kuliko waliokaa mbali. Watoto walizidi watu wazima, na hilo halimshangazi mama yeyote aliyemwona mtoto akicheza chini.

Viwanda vipya vya shaba na kobalti havikujengwa karibu na Posta. Viko pembezoni, jirani na mitaa ya bei nafuu. Kwa hiyo kabla ya kulipa kodi upande wowote, panda mahali pa juu, tazama moshi unatoka wapi na unaelekea wapi mwezi wa saba. Na kama njia ya mbele ya nyumba hupitiwa na malori ya mawe, achana nayo, hata kama nyumba ina marumaru.

Mjini kabisa

Hapa nitapita haraka, kwa sababu wengi wetu hatuna fedha hiyo na mimi mwenyewe sikudumu.

Raha yake ni kweli. Nilikuwa ninafika darasani kwa dakika saba. Watoto walirudi kula mchana. Kama una mtoto kwenye shule ya Imara au Tuendelee na wewe unafanya kazi benki, maisha yako yote yanaingia ndani ya mitaa kumi. Lakini umeme ukikatika, jenereta za maduka yote zinawaka pamoja chini ya dirisha lako. Mbabula, jiko la makala, juu ya ghorofa ni hatari na majirani hawaitaki, kwa hiyo unapikia gesi au umeme, na bukari ya watu wanane kwenye gesi ni gharama. Saa moja jioni maduka yakifungwa, mtaa unakuwa mtupu, na utupu ule uliniogopesha kuliko giza la Annexe. Watu ndio taa ya usiku. Kamalondo saa tatu usiku bado kuna mama anayechoma michopo ya nyama, kuna vijana wanaocheza karata, kuna mtu anayekujua kwa jina la mtoto wako.

Mtaa wa Golf siutaji sana. Ni pazuri, kuna miti, lakini ni mahali pa mwenye gari, na mwenye gari hahitaji ushauri wangu.

Kelele za Kamalondo

Zipo, nisikudanganye. Baa, makanisa ya usiku, na uwanja wa TP Mazembe uliofunguliwa mwaka 2011 katikati yetu. Siku ya mechi, nyeusi na nyeupe inaanza kupita mbele ya mlango saa nne asubuhi, na kama una mgonjwa ndani, mhamishie chumba cha nyuma. Lakini mwanangu wa kiume, ambaye akiwa Annexe aliwajua mabingwa hao mara tano wa Afrika kwa redio tu, sasa anatembea mpaka uwanjani kwa dakika kumi na kurudi kabla bukari haijapoa. Uwanja wa Kibassa Maliba uko komini ya Kenya, huo nao ni mwendo wa miguu. Soko la Kenya vilevile: naenda na kikapu kitupu, narudi nacho kichwani, nimeokoa nauli na nimenunua kwa bei ya watu wanaojua bei.

Hospitali ya Sendwe tunaifikia kwa miguu. Ninaandika sentensi hiyo moja tu, lakini mwenye mtoto mwenye homa saa nane usiku anajua uzito wake.

Mama yangu

Sababu yangu ya kurudi haikuwa nauli. Wala haikuwa binti yangu peke yake, ingawa yeye angetosha.

Mama yangu anakaa nasi. Goti lake la kushoto ni bovu, anatembea na mkongojo, polepole, lakini anatembea. Kamalondo kila asubuhi alikuwa akienda kununua nyanya. Nyanya nne, hakuna siku aliyonunua tano. Safari ya dakika kumi ilimchukua saa mbili, kwa sababu kila lupango lilikuwa na mtu wa kusalimiwa, na habari za mgonjwa wa jana lazima zisikilizwe mpaka mwisho. Alirudi na nyanya zake nne na habari za mtaa mzima.

Annexe njia ilikuwa ya mchanga na mashimo, mkongojo ukazama. Alijaribu mwezi wa kwanza, akaanguka mara moja, hakujaribu tena. Akakaa barazani miaka minne. Nyumba nzuri, kiti kizuri, chakula hakukosa. Siku moja nilirudi kazini nikamkuta ameelekea ukuta. Nikamuuliza, "Mama, unatazama nini?" Akaniambia, "Mwanangu, hapa mimi nasikia ndege tu."

Tulihama baada ya miezi mitatu. Nyumba ya Annexe hatukuiuza, tumeipangisha kwa mwalimu wa Kasapa, naye ameipenda. Kodi yake inalipia sehemu kubwa ya kodi yetu Kamalondo. Mama amerudi kwenye nyanya zake nne.

Kama unataka kununua, na kama unapanga

Kwa hiyo jibu langu kwa wengi ni hili: nunua kule, kaa huku, angalau mpaka watoto wakue. Lakini kununua nako kuna miiba. Nchini mwetu ardhi ni ya Serikali tangu sheria ya 1973, na wewe unapewa haki ya kuitumia. Karatasi ya chifu au ya mzee aliyekuuzia haitoshi. Mwisho wa safari ni sertifika kutoka ofisi ya ardhi, yenye jina lako na namba ya kiwanja. Kabla ya kutoa hata franka moja, peleka namba ofisini waangalie kwenye vitabu vyao, kwa sababu kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili ni ugonjwa wa kawaida Annexe. Tena nenda kiwanjani Jumapili mchana, wakati majirani wako nyumbani, uwaulize wao. Wanajua nani alikuja kabla yako.

Na unapopanga, kumbuka sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kodi za nyumba: garanti, ile fedha ya dhamana, ya nyumba ya kukaa haipiti miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wanaomba zaidi, na komisioneri, yaani dalali, atakucheka ukiitaja. Itaje tu, kwa heshima. Mara mbili imenisaidia kushusha miezi sita kuwa minne. Na andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, uandikwe nani analipa maji na kwa hesabu ipi.

Jumatatu saa kumi na moja

Mdogo wangu ana pikipiki. Nyumba zote tatu alizipima kwa pikipiki, na kwa pikipiki hata Luwowoshi si mbali. Nikamuuliza, "Na mke wako?" Mchumba wake ni muuguzi katika hospitali moja ya upande wetu, zamu za usiku wiki mbili kwa mwezi. Pikipiki ni moja, na yeye mdogo wangu anaitumia kazini. Akanyamaza.

Sikumwambia achague ipi. Nilimwomba kitu kimoja: wifi yangu mtarajiwa atembee. Jumatatu akimaliza zamu, aende kwa miguu na kwa basi mpaka kwenye nyumba ya Luwowoshi, na Jumanne mpaka kwenye lupango la Kamalondo, mume asiwepo, na aangalie saa anapotoka na anapofika.

Jumanne asubuhi alipita kwangu akitoka huko. Alikuwa bado na sare chini ya koti, viatu vyeupe mkononi mwa kushoto, maana jana yake alikuwa amejifunza. Nilimpa chai. Hakuniambia dakika ngapi. Aliangalia bomba uani, akaniuliza, "Yaya, hapa kwenu maji huwa yanakuja saa ngapi?"

Nikamwambia saa nane.

"Hiyo si mbaya," akasema. "Saa nane mimi niko macho."